Jina Si Mtu: Kumtafuta Babu wa Enzi za Ukoloni wa Marekani

Wazee wetu, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliobanana kule mlangoni, habari za jioni.

Wengi mliomo humu mmeoa au mmeolewa na Wamarekani, na watoto wanauliza: upande mmoja tunaujua mpaka babu wa Pangani au wa Kisii, je, huu upande mwingine? Mara nyingi bibi mkwe ameshasema kwamba ukoo wao "ulikuwapo kabla ya Uhuru", yaani kabla ya 1776, na akaishia hapo. Jioni hii tunaanza pale alipoishia.

Tupige hesabu kwanza. Mtu aliyezaliwa 1680, kwa miaka 30 kila kizazi, yuko vizazi 11 juu ya mtoto aliyezaliwa 2010. Kiswahili kina mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina, kisha maneno yanatuishia nusu ya njia. Na vizazi 11 juu kuna nafasi 2,048 za mababu na mabibi. Kiungo kimoja kikiwa cha uongo, kila unachojenga juu yake ni ukoo wa watu wengine, hata kama karatasi zake zote ni halali.

Sehemu ya chini ya ngazi ni nyepesi, nitaipita haraka. Anza na mtu aliye hai, panda kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo, halafu sensa. Sensa ya 1880 inaeleza kila mtu ni nani kwa mkuu wa kaya. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru. Zile za 1790 hadi 1840 zinataja mkuu wa kaya tu, wengine ni idadi. Waliokuwa utumwani hawatajwi kwa majina kwa ukamilifu hadi 1870, na hapo ndipo familia nyingi za Weusi hukwama. Kabla ya 1790 hakuna sensa ya nchi nzima, kwa sababu nchi yenyewe haikuwapo. Kuna makoloni 13, na kila koloni lilikuwa na tabia yake ya kuandika.

Kuanzia hapo ugumu unabadilika sura. Chini ulikuwa ukitafuta jina. Huku juu majina yamejaa tele. Kinachokosekana ni mtu. Katika wilaya moja ya Virginia mwaka 1740 unaweza kukuta kina John Smith wanne. Sisi kijijini tukiwa na kina Juma watatu tunasema Juma fundi, Juma wa kwa Mzee Saidi, Juma mrefu. Karani wa mahakama naye alihitaji kuwatenganisha, na vitenganishi vyake ndivyo mnavyovifuata: mke ni nani, ardhi iko kwenye kijito gani, jirani ni nani, anasaini kwa jina au anatia alama. Alama nayo ichunguzeni. Asiyejua kuandika alichora herufi au umbo lake na kulirudia miaka nenda miaka rudi. Ila kuweni macho: kitabu cha mahakama ni nakala ya karani, na alama iliyomo ni mkono wa karani akiiga. Ile ya kweli iko kwenye hati asili, kama imesalia.

Kwa hiyo chukueni karatasi pana, mwandike kila John Smith aliyetokea mahali hapo kwa miaka 50, mstari mmoja kwa kila tukio, pamoja na mashahidi wote. Kazi inachosha, lakini baada ya mistari 40 au 50 wenyewe wanaanza kuachana: huyu yuko na Sarah na kijito kile, yule yuko na Ann upande wa pili wa mto. Anayeruka hatua hii huwa anachanganya watu wawili, na kosa lake hulijui mpaka ukute "mtu mmoja" anauza shamba miaka sita baada ya wosia wake kuthibitishwa.

Sasa kalenda. Hapa wanakosea hata waliozoea, ingawa sisi tuna bahati ya kuielewa upesi. Hadi 1752 Uingereza na makoloni yake walitumia kalenda ya Julius, na mwaka wao wa kisheria ulianza 25 Machi. Maana yake Desemba 1701 ilifuatwa na Januari 1701, kisha Februari 1701, ileile 1701. Ukikuta ndoa ya Mei 1701 na mtoto wa Februari 1701, usimharamishe mtoto wa watu: amezaliwa miezi tisa baada ya harusi. Makarani waangalifu waliandika miaka miwili kwa mkwaju. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731/32. Leo tunasema 22 Februari 1732, kwa sababu mwaka 1752 siku 11 zilifutwa na Jumatano ya 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi ya 14.

Balaa kubwa zaidi ni miezi kwa namba. Wakweka, ambao wenzetu wa Vihiga na Kaimosi wanawajua kwa Kanisa la Marafiki, hawakutaka majina ya miezi yenye miungu ya Kirumi. Waliandika "mwezi wa kwanza, mwezi wa pili", kama tusemavyo sisi. Lakini kabla ya 1752 mwezi wa kwanza wao ni Machi. "Siku ya 10 ya mwezi wa pili, 1720" ni 10 Aprili. Mtu wa pwani hashangai: Mfunguo Mosi ni mwezi wa kwanza kwa hesabu ya baada ya Ramadhani, wakati mwaka wa Hijria unaanza na Muharram, ambao ni Mfunguo Nne. Vilevile ukiona "7ber" si Julai, ni Septemba. "8ber" ni Oktoba, "Xber" ni Desemba. Nakilini tarehe kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, na tafsiri yenu iwe kwenye safu ya pembeni. Anayebadilisha wakati wa kunakili, kesho hatakumbuka kama alishabadilisha, atabadilisha tena.

Maneno ya undugu nayo yamehama. Katika wosia wa 1690, "cousin" anaweza kuwa mtoto wa dada au wa kaka. "Son-in-law" anaweza kuwa mtoto wa kambo. "Brother" anaweza kuwa shemeji, au muumini mwenzake kanisani. "Junior" na "Senior" si lazima wawe mtoto na baba. Ni mdogo na mkubwa wa jina hilo mahali hapo, pengine mtu na ami yake, na mkubwa akifa, Junior wa jana ndiye Senior wa leo. "Infant" ni yeyote chini ya miaka 21, hata awe na ndevu. Sisi tunaoita baba mdogo "baba" tu, na ambao neno "ndugu" halituambii kama waliolitumia walinyonya titi moja, tusiwe wa kwanza kudanganywa na maneno haya.

Mwandiko ni wa kujifunza kwa wiki chache. Kwenye hati za miaka ya 1600, "e" imegeuka nyuma, "h" inaning'inia chini ya mstari, "c" inafanana na "r". "Jno" ni John. Jonathan hufupishwa "Jona". "Xpher" ni Christopher. Majina ya nyumbani pia: Polly ni Mary, Patsy ni Martha, Nancy mara nyingi ni Ann. Mkikwama kwenye neno, tafuteni herufi hiyo katika neno la kawaida la karani yuleyule, ukurasa uleule.

Kila koloni na mlango wake. Massachusetts ilianza kuagiza kuandikwa kwa kuzaliwa, ndoa na vifo mwaka 1639, kwa hiyo huko unaanzia kwenye vitabu vya mji. Virginia kazi hiyo ilikuwa ya parokia za Kianglikana, na rejista nyingi zimepotea. Huko unaishi kwa ardhi, kodi na mahakama. Pennsylvania ina orodha za viapo vya Wajerumani walioshuka Philadelphia kuanzia 1727, wanaume wa miaka 16 na zaidi. Nusu yao wanaitwa Johann, lakini Johann Peter nyumbani ni Peter. Johann ni la ubatizo tu, na ndugu zake watatu wanalo. New York ilikuwa ya Waholanzi hadi 1664, na wao walitumia jina la baba kama sisi tunavyotumia bin: Hendrick Jansen ni Hendrick wa Jan, na mwanawe ni Pieter Hendricksen. Anayetafuta "ukoo wa Jansen" huko ni kama anayetafuta "ukoo wa Juma" Zanzibar. Zuri lao ni kwamba mwanamke alibaki na jina lake kanisani hata baada ya kuolewa, na mashahidi wa ubatizo mara nyingi ni ndugu wa karibu.

Tuje kwenye wosia. Una tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kuthibitishwa mahakamani. Mtu alifariki katikati. Mwana aliyeachiwa shilingi moja si lazima awe amelaaniwa. Mara nyingi alishapewa fungu lake alipooa, na shilingi ni ya kufunga mdomo wa sheria. Na mwana asiyetajwa kabisa anaweza kuwa ndiye kifungua mimba. Virginia, hadi sheria ilipobadilishwa 1785, ardhi isiyo na wosia ilikwenda yote kwa mwana wa kwanza. Massachusetts yeye alipata mafungu mawili: watoto watano, mali hugawanywa mafungu sita. Mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi kuitumia maisha yake, tofauti na thumni tuliyoizoea pwani, ambayo ni yake kabisa.

Theluthi hiyo ni zawadi kwa mtafiti. Mume alipouza shamba, mke alitakiwa kuiachia haki yake, na hakimu alimhoji faragha, mume hayupo, kama amekubali kwa hiari. Hapo ndipo jina la mke linapojitokeza, pengine mara moja tu katika maisha yake yote. Hati ya 1722 ikiwa na Sarah na ya 1731 ikiwa na Ann, mna wake wawili, au wanaume wawili. Rudini kwenye ile karatasi pana. Msisahau pia wadhamini wa msimamizi wa mirathi. Mjane akiwa msimamizi, wanaomdhamini mara kwa mara ni baba yake, kaka zake au mume wake mpya.

Kodi ya kichwa ya Virginia ndiyo mbadala wa cheti cha kuzaliwa. Kijana wa kiume alihesabiwa alipofika miaka 16, chini ya jina la baba. Akionekana mara ya kwanza 1744, na orodha za miaka iliyotangulia zipo na hamo, alizaliwa karibu na 1728. Kama orodha ya 1743 imepotea, hujui kitu. Mwanamke Mzungu hakuhesabiwa. Mwanamke Mweusi alihesabiwa hata akiwa huru, hadi 1769. Kwa hiyo jina la mke kwenye orodha ya kodi ni ushahidi wa jinsi serikali ilivyomtazama, hata kama neno "Mweusi" halikuandikwa popote.

Hilo linatuleta kwa mfano ninaoupenda, maana ndani yake yamo karibu yote niliyosema. Agosti 1619 meli ilishusha Point Comfort, Virginia, Waafrika ishirini na kitu walionyang'anywa meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Nyumbani kwao huko ilisemwa Kimbundu, lugha ya Kibantu kama yetu. Miaka miwili baadaye akaja mwingine, aliyeandikwa "Antonio", na mwaka 1622 mwanamke, "Mary". Orodha ya 1625 inawakuta wote wawili kwenye shamba la Bennett. Kisha kimya. Miaka ya 1650 vitabu vya mahakama vya Northampton, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, vimejaa habari za mkulima huru Mweusi, Anthony Johnson, na mkewe Mary. Ni mtu yuleyule? Wanahistoria wengi wanakubali, na kinachobeba uzito si jina Anthony, lililokuwa la kawaida, bali Mary aliye kando yake.

Mwaka 1651 Johnson alipewa ekari 250. Sheria ya Virginia tangu 1618 ilitoa ekari 50 kwa kila mtu uliyemgharimia nauli ya kuja, kwa hiyo ekari 250 ni watu watano, na majina yao yameandikwa. Mmoja ni Richard Johnson, jina lilelile la mwanawe. Basi tazameni: kama ni mwanawe, alizaliwa hapohapo au alikuja kweli kwa meli? Haki hizi ziliuzwa mkono kwa mkono kama tiketi, zilidaiwa miaka mingi baada ya safari, nyingine mara mbili. Orodha ya nauli haithibitishi mwaka wa kufika, na wala haithibitishi kwamba aliyedai alimjua aliyetajwa. Miti ya ukoo kwenye intaneti imejaa kosa hili.

Mwaka 1653, baada ya moto kuwaunguzia, mahakama iliwasamehe kodi Mary na binti zake wawili maisha yao yote. Sasa mnajua kwa nini msamaha huo ulikuwa mkubwa: ile kodi ya wanawake Weusi. Miaka ya 1660 familia ilihamia Somerset, Maryland, na mwaka 1677 mjukuu alinunua ekari 44 akaliita shamba lake "Angola". Jina la shamba ni nyaraka pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 ukoo unapotea vitabuni, na anayedai leo kwamba ametoka kwa Anthony Johnson ana pengo hilo la kulijaza kwanza.

Kwa wenye asili ya Afrika kuna mambo mawili zaidi. Sheria ya Virginia ya 1662 iliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, mama huru, mtoto huru. Kwa hiyo familia ya Weusi iliyokuwa huru kabla ya 1776 mara nyingi inaanzia kwa mama Mzungu, na kesi zao ziko kwenye vitabu vya kanisa na mahakama, watoto wakifungwa utumishi hadi miaka 31. Na si wote waliotoka Afrika Magharibi na Angola. Wafanyabiashara wa New York miaka ya 1690, na meli zilizofika Virginia kati ya 1719 na 1721, walileta watu kutoka Madagaska. Kipimo cha DNA cha Mmarekani Mweusi kikionyesha asili ya visiwa vya Bahari ya Hindi, msikimbilie kusema maabara imekosea.

Mkikosa kitu, ulizeni mambo mawili kabla ya kukata tamaa. Kwanza mpaka. Wilaya za Virginia zilikuwa zikizaa wilaya: Spotsylvania ikatoa Orange mwaka 1734, Orange ikatoa Augusta 1738, Augusta ikatoa Rockingham 1778. Mzee anaweza kuwa hakuhama hata hatua moja, na hati zake zimetawanyika miji minne, kwa sababu vitabu vya zamani hubaki kwa wilaya mama. Pili moto. Wilaya kadhaa zilipeleka vitabu vyao Richmond vikahifadhiwe wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na Aprili 1865 Richmond ikaungua. Hapo mnakwenda kwa wilaya jirani, maana watu walinunua ardhi ng'ambo ya mpaka.

Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure, unafungua akaunti tu. Tangu 2024 ina utafutaji ambao mashine husoma mwandiko wa hati za ardhi na mirathi za Marekani, neno kwa neno. Msitafute jina la babu peke yake. Tafuteni jina lake la ukoo pamoja na la jirani au la kijito, mbane mahali na miaka, na tumieni nyota mahali ambapo herufi zina shaka. Mashine inasoma "Jno" kwa namna tano, na hati isiyotokea inaweza kuwa ipo. Ikitokea, fungueni picha yenyewe. Maandishi ya mashine si ushahidi. Miti ya ukoo ya watu wengine ichukueni kama fununu. Uongo huu haukuanza na intaneti: Gustave Anjou, aliyekufa 1942, aliishi kwa kuwauzia matajiri nasaba za kubuni, na vitabu vyake bado viko maktabani.

DNA nitaisema kwa kifupi. Ya kawaida hupungua nusu kila kizazi kwa wastani. Kwa babu wa kizazi cha kumi ni chini ya sehemu moja kwa elfu, na wengi wa kizazi hicho hawakukuachia hata chembe. Kwa ukoloni inayofaa ni ya kromosomu Y, inayopita baba kwa mwana, pale unapokuwa na wanaume wawili walio hai wanaodhaniwa kutoka kwa kina John Smith wawili tofauti. Itakwambia kama ni mstari mmoja. Haitakwambia ni John yupi.

Tumalizie kwa kalamu. Kila mtu achukue karatasi ya miraba, rula na kipimapembe. Ardhi ilipimwa kwa "pole". Msicheke, ni kipimo chao, hakuna msiba. Pole moja ni futi 16 na nusu, kama mita 5, na ekari ni pole 160 za mraba. Sentimita moja iwe pole 10. Anzeni kwenye mwaloni mweupe kando ya kijito: kaskazini pole 80, mashariki pole 100, kusini pole 80, magharibi pole 100 hadi pale mlipoanza. Mna sentimita 8 kwa 10, pole 8,000 za mraba, ekari 50, fungu la nauli ya mtu mmoja. Za kweli huwa na mistari 9 au 12 ya pembe za ajabu, na dira za wakati ule zilielekea kaskazini ya sumaku, ambayo husogea, kwa hiyo mashamba mawili yaliyopimwa miaka 40 mbali yatapishana kidogo. Kateni vipande vya majirani, mviunganishe mezani kama vigae. Kipande kikigoma kufunga, msikilazimishe kwa rula. Someni hati tena: karibu kila mara karani ameruka mstari mmoja wa kipimo, au ameandika mashariki mahali pa magharibi, na hati ya jirani ndiyo yenye mstari uliokosekana.